Kuendesha Programu ya Raia ya Kuandika Kumbukumbu za Mgogoro Bila Kuegemea Upande: Mwongozo kwa Vikundi vya Dodoma na Kanda ya Kati

Mwongozo huu ni wa vikundi vinavyotaka kuandika yanayowapata raia kwenye migogoro: nani aliumia, mali gani iliharibiwa, lini, wapi, na nani aliona. Mifano yangu mingi ni ya ardhi, malisho na maji, maana ndiyo migogoro tunayoishi nayo kanda ya kati, kuanzia mpaka wa Kongwa na Kiteto, Chemba na Mpwapwa hadi viunga vya Jiji la Dodoma, ambako bado kuna watu wanazunguka na faili za viwanja tangu enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017. Mkiwa mnaandika jambo jingine, taratibu ni zilezile.

Kila kikundi husema hakina upande. Mwanakijiji hasikilizi hilo. Anaangalia nani ameshika funguo za kabati, nani amelipia mafuta ya pikipiki, na orodha ya majina iliishia mikononi mwa nani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maamuzi yanayopaswa kufanyika kabla hamjamhoji mtu hata mmoja.

Hatua ya 1: Hati ya kazi, ukurasa mmoja

Andikeni aina ya matukio mtakayoyarekodi, eneo, kipindi, na mambo ambayo hamtayafanya. Hamtahukumu. Hamtapima mipaka. Hamtamwahidi mtu fidia wala kumtafutia wakili, ingawa mtamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hayo ya "hatutafanya" yaandikwe kwa herufi kubwa kuliko mengine, kwa sababu ndiyo watu watakayowadai.

Upendeleo hujificha mahali pawili ambapo wengi hawapatazami. Pa kwanza ni tarehe ya kuanzia. Mkianza kuhesabu siku ng'ombe walipoingia kwenye mahindi, mkulima ndiye aliyekosewa kwanza. Mkirudi nyuma hadi siku njia ya mifugo ya kwenda lamboni ilipolimwa, aliyekosewa kwanza ni mfugaji. Kwa hiyo msianze na tukio lolote. Anzeni na tarehe ya kalenda, kwa mfano 1 Julai, mwanzo wa mwaka wa fedha wa serikali, kisha wekeni kwenye fomu sehemu ya "yaliyotangulia" ambako kila upande utasimulia historia yake kwa maneno yake. Msiijaze ninyi.

Pa pili ni majira. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Timu ikienda vijijini Machi hadi Juni tu, itarudi na malalamiko ya mtama, uwele na alizeti zilizoliwa shambani. Ikienda Septemba hadi Novemba tu, itarudi na habari za ng'ombe waliokatwa, malambo yaliyofungwa na faini zisizo na risiti. Daftari lote litakuwa la kweli, na bado litakuwa limeegemea upande. Pangeni angalau mzunguko mmoja kamili wa mwaka, na kama fedha haitoshi, gawanyeni siku za uwandani sawasawa kati ya masika na kiangazi.

Hati hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, kisha ibandikwe ofisi ya kijiji. Msomeeni pia anayechunga ambaye hakufika mkutanoni. Mara nyingi mkutano unaitishwa mchana, saa ambazo vijana wa kifugaji wako porini na mifugo.

Hatua ya 2: Nani anaamua

Hapa ndipo programu nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Undeni kamati ya uangalizi iliyo tofauti na timu ya uwandani. Watu saba wanatosha. Idadi hiyo vijiji vimeizoea, maana Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Chukueni kiwango hicho cha wanawake kama cha chini kabisa. Wekeni mzee wa mila wa Kigogo au Kirangi kutegemea mahali mlipo, laigwanani au mwakilishi mwingine wa wafugaji, mtu wa afya au mwalimu anayeheshimika pande zote, na angalau mmoja anayetoka nje ya wilaya. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, diwani na kiongozi wa chama chochote cha siasa wasiwe wajumbe. Mtawapa taarifa, mtawaheshimu, mtasaini vitabu vyao vya wageni. Lakini kiti, hapana.

Swali linalofuata ni kura. Wingi wa kura unaonekana wa haki hadi mtu akumbuke kwamba katika vijiji vingi wakulima ni wengi kuliko wafugaji, na kwingine ni kinyume chake. Mambo ya kawaida, kama ratiba, vifaa na bajeti, yaamuliwe kwa wingi. Mambo matatu yahitaji kukubaliwa na viti vya pande zote mbili: kumpa mtu wa nje taarifa, kutangaza ripoti, na kubadilisha hati ya kazi. Upande mmoja ukikataa, jambo halifanyiki, na sababu inaandikwa. Kazi itakwenda polepole, na polepole hiyo ndiyo itakayowafanya upande wenye watu wachache waendelee kuwaamini mwaka wa pili.

Mgongano wa maslahi usitafutiwe dawa ya uongo. Kumtafuta mwenyeji ambaye hana shamba, hana mbuzi, hana shemeji upande wa pili ni kupoteza muda. Andikeni maslahi ya kila mtu kwenye rejista: ekari zake ziko wapi, mifugo mingapi, ndugu gani ana kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Rejista isasishwe kila miezi mitatu. Tukio likimgusa, anatoka chumbani, na muhtasari unaandika kwamba alitoka.

Sasa posho. Najua haipendezi kuijadili, lakini isipojadiliwa hujijadili yenyewe huko nje. Mkusanya taarifa alipwe kwa siku ya kazi, kamwe asilipwe kwa idadi ya fomu. Ukinunua visa, utauziwa visa. Msimulizi asilipwe kitu zaidi ya nauli halisi, na kiwango kiwe kimoja kwa pande zote. Mfadhili, kama yupo, aandikiwe mapema kwamba hataona majina, hatachagua vijiji, na ripoti haitapita kwake kuhaririwa. Mfadhili asiyekubali hilo aagwe kwa heshima.

Mwisho, mpeni mtu mmoja mamlaka ya kusimamisha kazi siku hiyohiyo bila kuitisha kikao. Mratibu wa uwandani akisikia kwamba msimulizi ametishwa, timu inatoka kijijini leo, maswali yanafuata kesho. Pia simamisheni ziara wakati wa kampeni za uchaguzi, wa serikali za mitaa au mkuu. Wakati huo kila mgeni mwenye daftari ni wakala wa mtu.

Hatua ya 3: Sheria na vibali

Sajilini kikundi, au fanyeni kazi chini ya asasi iliyosajiliwa kwa Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ya 2002. Barua za utambulisho zishuke ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Kama kazi ina sura ya utafiti, ulizeni Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kuhusu kibali. Mkitaka kutoa takwimu kwa umma, someni Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho yake, na muwaone Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambao makao yao makuu yako hapahapa Dodoma.

Iliyo nzito zaidi kwenu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inadhibiti kupeleka taarifa nje ya nchi, na inaziweka baadhi ya taarifa kwenye kundi la taarifa nyeti: afya, watoto, asili ya mtu, imani, siasa, masuala ya jinai. Nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi. Soma orodha hiyo tena na utaona kwamba karibu kila fomu mtakayojaza ina jambo nyeti ndani yake. Tafuteni wakili aipitie fomu kabla haijachapwa.

Hatua ya 4: Fomu na maneno yake

Je, fomu iwe na safu ya "kabila"? Mimi nasema hapana, isipokuwa kamati iwe imeandika sababu inayoeleweka. Kulima na kufuga ni shughuli, na mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Mgogo mwenye ng'ombe yupo, Mmaasai mwenye shamba la mahindi yupo. Ulizeni shughuli, si asili. Kama tukio lenyewe lilihusu kabila, mfano mtu alipigwa huku akitukanwa asili yake, maneno hayo yatabaki ndani ya simulizi kama alivyoyatamka.

Tengenezeni orodha fupi ya maneno ya timu. "Mvamizi", "mhamiaji" na "mwenyeji" yasitokee kwenye maandishi ya timu, labda ndani ya nukuu. "Eneo linalobishaniwa" litumike badala ya "shamba la fulani" au "malisho ya fulani" hadi chombo chenye mamlaka kiwe kimeamua. "Aliuawa" na "alifariki" si neno moja. Andika "alifariki baada ya kupigwa, kwa maelezo ya ndugu yake" mpaka uwe na zaidi.

Wakalimani ni mlango mwingine wa upendeleo. Kwa mzee anayezungumza Kigogo, Kimaasai au Kisandawe tu, mkalimani ndiye anayeandika ushahidi, ninyi mnanakili. Msimtumie kijana wa upande wa pili, wala mtoto wa msimulizi. Rekodini sauti ya lugha ya asili, kwa ridhaa, na mkalimani wa pili ambaye hakuwepo asikilize sehemu ya rekodi na kulinganisha. Sehemu ndogo iliyochaguliwa kwa bahati nasibu inatosha kumfanya wa kwanza awe makini.

Hatua ya 5: Ridhaa isiyo ya saini moja

Saini moja chini ya karatasi ndefu haina maana kwa mtu aliyefiwa wiki iliyopita. Gawanyeni ridhaa katika maswali yanayojitegemea, kila moja lijibiwe ndiyo au hapana: Tuandike? Turekodi sauti? Tupige picha ya jeraha au mali? Tutumie simulizi bila jina kwenye ripoti? Tumpe wakili wako ukitaka? Tuipe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora? Tuipe polisi au mahakama? Anayejibu "ndiyo" kwa la kwanza na "hapana" kwa mengine yote bado anakaribishwa.

Mwelezeni anaweza kubadili mawazo, na mwambieni ukweli wa mpaka wake: baada ya ripoti kutoka, hamwezi kuirudisha. Mwambieni pia kwamba siri yenu ina kikomo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Na mahakama inaweza kutoa amri. Hayo yasemwe kabla hajaanza kusimulia.

Kuna watu msiowahoji. Watoto, hapana, kama mtu mzima anaweza kueleza jambo hilohilo. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono asihojiwe na timu ya kawaida. Mpelekeni hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kama anataka, andikeni kwamba rufaa imefanyika, basi. Na mtu aliyekwisha kuhojiwa na polisi, mwandishi wa habari na asasi nyingine mbili hahitaji ninyi wa tano. Kila anaposimulia tena, maelezo hubadilika kidogo, na wakili wa upande wa pili atayashikilia hayohayo mabadiliko.

Majeruhi akija kwenu kwanza, matibabu kwanza. Mkumbusheni fomu ya polisi PF3, maana akiikosa siku hiyo atapata tabu baadaye kuonyesha jeraha lilitokana na nini.

Hatua ya 6: Utunzaji

Kila simulizi ipewe namba. Jina, simu na kijiji vikae kwenye daftari la funguo, mbali na simulizi, na daftari hilo lishikwe na watu wawili kutoka pande tofauti ambao mmoja peke yake hawezi kulifungua: kabati lenye kufuli mbili linatosha kabisa, au faili iliyofungwa kwa nywila yenye nusu mbili. Namba ya simu si jambo dogo. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo namba peke yake inamtambulisha mtu mpaka kitambulisho chake cha taifa.

Mahali pia panamtambulisha mtu. Simu huandika mahali ulipo kwa namba za GPS zenye desimali tano au zaidi, na desimali tano ni kama mita moja: unaonyesha mlango wa nyumba. Desimali tatu ni kama mita 110. Desimali mbili ni kama kilomita moja. Tunzeni namba kamili za GPS kwenye hifadhi ya siri, na kwenye ripoti au ramani tumieni desimali mbili. Ila huku kwetu boma linaweza kuwa peke yake ndani ya kilomita hiyo. Hapo andikeni jina la kata tu.

Picha na sauti zitoke kwenye simu kwa waya au kadi, si kwa kutumiana WhatsApp, ambako picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za muda na mahali. Siku faili inapoingia, itengenezewe alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao hubadilika kabisa faili ikiguswa hata kidogo. Programu za bure za kompyuta hufanya hivyo kwa sekunde. Andikeni alama hiyo kwenye daftari la karatasi pamoja na tarehe, jina la aliyeleta na la aliyepokea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki inaangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Daftari lenu la karatasi ndilo litakalojibu.

Nakala ziwe tatu, moja nje ya jengo. Kisha simu ya uwandani ifutwe mbele ya mtu wa pili.

Hatua ya 7: Kuthibitisha

Pangeni madaraja matatu: limesimuliwa na mmoja, limethibitishwa na chanzo cha pili kisichotegemea cha kwanza, lina hati au picha iliyokaguliwa. Ndugu wawili waliosikia kwa mtu mmoja ni chanzo kimoja. Vigezo viwe vilevile kwa pande zote, na kila mwezi mjumbe mmoja wa kamati achukue fomu kadhaa zilizofichwa shughuli ya msimulizi, azipange upya kwenye madaraja. Tofauti kati ya upangaji wake na wa timu ndiyo kipimo chenu cha upendeleo.

Hatua ya 8: Siku watakapokuja kuomba

Watakuja. Ofisa atataka "orodha tu ya mliozungumza nao". Mwandishi atataka namba ya mjane. Kijana wa kikundi cha wakulima atasema ana haki ya kujua nani amemtaja. Wakili wa upande mmoja atakuja na chakula cha mchana.

Andikeni jibu mapema, libebwe na kila mtu wa timu kwenye karatasi ndogo: *"Tunaweza kukuambia idadi ya watu, siku tulizokuja na mada. Majina hatuna ruhusa ya kuyatoa uwandani. Tafadhali andika ombi kwa kamati."* Aliye uwandani asiwe na uwezo wa kutoa hata akitaka, ndiyo maana daftari la funguo haliendi kijijini. Hilo linamlinda yeye kuliko linavyowalinda wasimulizi.

Kila ombi, liwe la simu au la barua, liingie kwenye rejista: nani, lini, anataka nini, kwa msingi gani wa sheria, jibu gani alipewa. Simu kutoka kwa mkubwa ni ombi. Barua ni ombi. Amri ya mahakama ni amri, na ikifika, wakili wenu anaipokea, anasoma mipaka yake, na mnatoa kilichotajwa tu. Msimulizi anajulishwa, isipokuwa amri inakataza. Msifiche faili wala kuzichoma baada ya amri kufika. Mtakuwa mmeharibu kazi yote na kuvunja sheria juu yake.

Jambo moja gumu: upande mmoja ukiomba taarifa ambazo msimulizi ameridhia zitolewe, upande wa pili uambiwe kwamba ombi la aina hiyo limejibiwa, bila kuambiwa yaliyomo. Wakijua mlango uko wazi kwa wote kwa masharti yaleyale, minong'ono hupungua.

Hatua ya 9: Ripoti na masahihisho

Kabla ya kutangaza, kila upande usomewe sehemu inayowahusu na upewe siku za kujibu. Siku 14 ni muda wa kutosha kwa kijiji. Jibu lao liingie ndani ya ripoti, sehemu ileile, si kiambatisho cha mwisho. Takwimu ziandikwe zilivyo, hata kama upande mmoja una visa vingi zaidi. Kulazimisha idadi zilingane ili muonekane wa haki ni uongo wa adabu. Mnachodaiwa ni kueleza mlitembelea wapi, siku ngapi, na nani hamkumfikia.

Kosa likigundulika, sahihisho litangazwe palepale ripoti iliposomewa, kwa sauti ileile. Kama ilisomwa mkutano mkuu wa kijiji, na sahihisho lisomwe huko.

Hatua ya 10: Kufunga

Amueni mwisho sasa hivi, wakati hakuna presha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokaa Arusha ilifunga kazi 31 Desemba 2015, lakini nyaraka zake zilirithiwa na chombo kingine chenye jengo lake huko Lakilaki, ambacho kinajua kipi ni cha umma na kipi kimefungwa. Kikundi cha wilaya hakina jengo, kwa hiyo kinahitaji karatasi: nani anarithi simulizi zisizo na majina, kwa masharti gani, na daftari la funguo linateketezwa lini.

Pendekezo langu ni miaka miwili baada ya ripoti ya mwisho, isipokuwa kwa wasimulizi walioridhia lidumu, au kama kuna shauri mahakamani. Miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, wapigieni simu wasimulizi. Wengine watataka nakala yao. Uteketezaji ufanywe na wale wawili wenye funguo, mbele ya kamati, na hati ya uteketezaji itaje namba za majalada bila majina. Nakala ya tatu, ile iliyo nje ya jengo, ndiyo husahaulika. Iandikwe juu kabisa kwenye hati hiyo.